Biskuti yenye chuma: kwa nini kirutubishi hufungwa kwanza ndipo kiokwe

Chukua salfeti ya chuma, chumvi ileile inayotumika kutengenezea vidonge vya kuongeza damu, uitie kwenye unga wa biskuti za kakao. Kanda, kata, oka, ziache zipoe, zifunge. Siku ya kwanza utakachokiona ni rangi tu: kahawia ya kakao imeingia weusi wa kijivu, kwa sababu chuma kimeshikana na polifenoli, kemikali za mimea zilizomo kwenye kakao. Ziweke kabatini wiki kadhaa, kisha fungua pakiti. Kitakachokupokea ni harufu ya mafuta yaliyochacha, na ukitafuna utabaki na ladha ya mtu aliyelamba msumari. Maabara ikipima itasema biskuti hii ina madini ya chuma kama ilivyoandikwa. Mtoto akionja ataitema, na chuma kilichotemwa hakiongezi damu ya mtu.

Ni kwa ajili ya balaa za namna hii ndipo wataalamu wa vyakula hufunga virutubishi ndani ya kapsuli ndogo mno kabla ya kuvichanganya na unga. Wazo lenyewe linaelezeka kwa pumzi moja: kivishe kirutubishi ganda, ganda likilinde njiani, likifika tumboni liachie. Kazi ngumu ni kupata ganda linaloshika pale linapotakiwa kushika na kuachia pale linapotakiwa kuachia, na kuhusu hilo matangazo ya biskuti "zenye afya" huwa hayasemi neno.

Upungufu unaokusudiwa kutibiwa hapa haufanani na njaa tuliyoizoea. Mtu anaweza kushiba kila siku na bado akakosa chuma, vitamini A, zinki, madini joto au foleti. Wataalamu huuita njaa iliyofichika, kwa kuwa hauonekani mpaka umeshaacha alama: mtoto asiyeshika masomo, mama anayechoka kabla ya saa nne asubuhi, macho yanayoshindwa kuona giza likiingia, goita shingoni. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulikadiria kuwa zaidi ya nusu ya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano duniani, na takribani theluthi mbili ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, wanapungukiwa angalau kirutubishi kimoja kati ya vilivyochunguzwa. Kwa upande wa upungufu wa damu peke yake, makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ni asilimia 40 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 na asilimia 30 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Si upungufu wote wa damu unaotokana na kukosa chuma, lakini chuma ndicho mshukiwa wa kwanza.

Kuongeza virutubishi kwenye chakula cha watu wengi si jambo jipya. Uswisi ilianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922, na goita ikapungua kwa namna iliyowashangaza hata madaktari waliokuwa wakipinga. Mwaka 1991 jaribio kubwa lililoongozwa na watafiti wa Uingereza lilionyesha kuwa asidi ya foliki, aina ya foleti inayotengenezwa viwandani, ikitumiwa kabla na mwanzoni mwa ujauzito, ilipunguza kwa asilimia 72 hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro kama mgongo wazi kwa akina mama waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo hilo. Kufikia mwaka 1998 Marekani ilikuwa imelazimisha asidi hiyo kutiwa kwenye unga wa nafaka uliokobolewa. Chumvi, unga, mafuta ya kupikia, sukari: hivyo ndivyo vibebeo vya kawaida, na kwa maoni yangu bado ndivyo vinavyopaswa kuwa vya kwanza, kwa sababu vinamfikia kila mtu bila kumwomba abadili chochote.

Basi biskuti inaingilia wapi? Inaingia pale kibebeo cha kawaida kinapokwama. Haihitaji kupikwa, haihitaji maji safi wala moto. Ni kavu, na chakula kikavu hakiozi haraka. Biskuti nyingi zina unyevu usiozidi asilimia tano, hivyo hukaa miezi bila jokofu. Ina uzito unaojulikana, kwa hiyo mwalimu anayegawa pakiti moja kwa kila mtoto anajua kila mmoja amepata kiasi gani, jambo lisilowezekana kwa chumvi iliyo jikoni. Na watoto wanaipenda, ambayo ni sifa adimu kwa dawa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likitumia biskuti zenye nishati nyingi, zilizoongezwa vitamini na madini, katika siku za mwanzo za dharura, watu wanapokuwa hawana sufuria wala kuni.

Kuna anayelindwa na kuna anayelindiwa

Watu wengi hudhani kapsuli kazi yake ni moja: kukinga kirutubishi kisiungue ndani ya oveni. Hiyo ni nusu ya habari. Madini hayaungui. Chuma kikiingia kwenye joto la nyuzi 200 kinatoka kikiwa chuma, na zinki vivyo hivyo. Taabu ya chuma ni kile kinachowafanyia wenzake. Ayoni za chuma huchochea oksijeni kushambulia mafuta, na biskuti ina mafuta mengi. Ndiyo asili ya ile harufu ya kuchacha. Chuma hichohicho huharakisha kuharibika kwa vitamini A na C zilizowekwa jirani yake. Kwa hiyo chuma kinapofungwa kwenye kapsuli, anayelindwa ni chakula, dhidi ya kirutubishi.

Vitamini ni kinyume chake. Hizo ndizo zinazohitaji ulinzi wenyewe. Vitamini A huharibiwa na hewa, mwanga na joto kwa pamoja. Vitamini C haistahimili joto wala oksijeni. Waokaji wa mikate huitia kwenye unga makusudi ili kuimarisha donge, na mkate unapotoka ovenini sehemu kubwa yake imeshatoweka, kwa hiyo kuiona kwenye orodha ya viambato si ushahidi wa lishe. Vitamini B1 ina adui ambaye mkate wa hamira hauna ila biskuti inaye: bikabonati ya soda. Bikabonati huliacha donge likielemea upande wa alikali, na vitamini B1 kwenye alikali na joto huvunjika upesi. Mafuta ya omega 3 nayo yana aibu yao: yakioksidishwa kidogo tu, biskuti ya vanila inanuka samaki.

Halafu kuna wasiohitaji kapsuli kabisa. Oksidi ya zinki haiyeyuki kirahisi kwenye maji, haina ladha kali, wala haigombani na mafuta. Iodati ya potasiamu inayotumika kutia madini joto inastahimili vizuri. Kampuni inayojitapa kwamba imefunga "kila kitu" kwenye kapsuli imetumia fedha mahali pasipo na haja, au imepamba pakiti.

Biskuti pia ni nyembamba, na wembamba huo una maana kubwa. Mkate ukiwa ovenini, sehemu yake ya ndani haipandi sana kupita nyuzi 100, kwa sababu maji yaliyomo yanachukua joto hilo kwa kugeuka mvuke. Ni gamba la nje tu linalopata moto mkali. Biskuti karibu yote ni gamba. Inakauka ndani ya dakika chache, na maji yakiisha hakuna tena kinachozuia joto kupanda. Vitamini iliyovumilia ndani ya mkate inaweza isivumilie ndani ya biskuti iliyookwa kwenye oveni yenye joto lilelile kwa muda mfupi zaidi.

Ganda linatengenezwaje

Kapsuli zinazozungumziwa ni za kati ya mikromita moja na elfu moja, yaani mpaka milimita moja, ingawa zinazofaa kwa biskuti huwa upande wa chini wa kipimo hicho. Unywele wa binadamu, kwa kulinganisha, una unene wa mikromita 50 hadi 100 hivi. Teknolojia yenyewe haikutoka jikoni. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Marekani iliyokuwa ikitengeneza mashine za kuhesabia fedha, National Cash Register, ilibuni njia ya kufunga matone ya wino ndani ya maganda ya jelatini ili karatasi iweze kunakili bila kaboni: kalamu ikikandamiza, maganda yanapasuka, wino unatoka. Dawa, manukato na vyakula vikafuata nyuma.

Njia inayotumika zaidi kwenye vyakula ni kukausha kwa kunyunyizia. Kirutubishi huchanganywa na maji yenye wanga, maltodekstrini (wanga uliokatwakatwa), protini za maziwa au gundi ya utomvu wa migunga, kisha mchanganyiko hunyunyizwa kwa matone madogo ndani ya chumba chenye hewa ya moto. Maji yanaruka ghafla, ganda linajifunga. Ni njia ya bei nafuu na mitambo yake imeenea. Njia ya pili inageuza mambo: kirutubishi huchanganywa na mafuta magumu yaliyoyeyushwa, kisha hunyunyizwa kwenye hewa baridi na matone yanaganda hapohapo. Njia ya tatu huelea: chembe za kirutubishi hupeperushwa na hewa kutoka chini huku zikinyunyiziwa ganda tabaka kwa tabaka. Zipo nyingine, zikiwemo liposomu, yaani vifuko vidogo mno vya mafuta, na maganda ya jelatini ya mtindo wa National Cash Register, lakini kwa biskuti ya bei ya kawaida hizi tatu ndizo zenye uzito.

Sasa tazama kinachotokea kiwandani. Ganda la wanga au maltodekstrini huyeyuka kwenye maji. Donge la biskuti lina maji. Maana yake kapsuli iliyokaa salama ghalani miezi sita inaweza kufunguka ndani ya mashine ya kukandia, kabla oveni haijawashwa. Ganda la mafuta magumu haliogopi maji, lakini mengi ya mafuta hayo huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 70, na oveni ya biskuti ina nyuzi 180 hadi zaidi ya 200. Ukikwepa maji unakutana na moto.

Watengenezaji hutoka kwenye mtego huu kwa njia mbalimbali. Wengine huweka ganda juu ya ganda: la ndani la protini au wanga, la nje la mafuta, la nje likivuka kukandwa na la ndani likivuka kuoka baada ya maji ya donge kupungua. Wengine hutia kapsuli mwishoni mwa kukanda ili zikutane na maji kwa muda mfupi. Wengine wanaridhika ganda liyeyuke ovenini, wakijua kwamba mafuta yaliyoyeyuka bado yanaweza kubaki yamekizunguka chuma na kuganda tena biskuti ikipoa. Na wengine, ambao nadhani ndio wenye akili zaidi, hujiuliza kama kuna ulazima wa kuoka. Krimu inayopakwa katikati ya biskuti mbili haiingii ovenini. Vitamini zisizopenda joto zinaweza kuwekwa humo, na chuma kikabaki kwenye unga, mbali nazo. Kasoro yake ni kwamba krimu hiyo ni sukari na mafuta.

Oveni na maji si adui pekee. Mashine ya kukandia inasugua, na rola zinazotandaza donge zinabana. Kapsuli kubwa hupasuka kwa urahisi, tena huonekana kama vidoadoa vyeusi na husikika kwenye ulimi. Kapsuli ndogo hupita salama, ila zina gharama nyingine: ukipunguza kipenyo kwa nusu, eneo la nje kwa kila gramu linaongezeka mara mbili, hivyo unahitaji nyenzo nyingi zaidi za ganda ili kupata unene uleule. Nyenzo zikiongezeka, nafasi ya kirutubishi chenyewe inapungua.

Hesabu ya gramu mia saba na hamsini

Tuifanye hesabu moja, maana bila hesabu mambo haya hubaki hewani. Tuseme kiwanda kinataka gramu 50 za biskuti zimpe mtoto miligramu 6 za chuma. Salfeti ya chuma iliyokaushwa ina chuma karibu asilimia 32, kwa hiyo zinahitajika miligramu 19 hivi za chumvi hiyo. Kapsuli ikiwa nusu ni ganda na nusu ni chumvi, tunafika miligramu 37.5. Tani moja ya biskuti ina milo 20,000 ya gramu 50. Zidisha: gramu 750.

Robo tatu ya kilo ndani ya tani nzima. Kiasi hicho kidogo kinatakiwa kisambae sawasawa mpaka kila mtoto apate fungu lake, asipate mmoja fungu la wanne na mwingine akaambulia patupu. Ndiyo maana viwanda havimwagi kapsuli moja kwa moja kwenye donge. Huchanganya kwanza na sehemu ndogo ya unga, kisha mchanganyiko huo na unga mwingine, kidogokidogo. Na ndiyo maana ukubwa na uzito wa kapsuli hupimwa kwa makini: zikitofautiana sana na chembe za unga, mtikisiko wa safari tu unatosha kuzikusanya chini ya gunia.

Kuna hesabu nyingine isiyoandikwa kwenye pakiti, ya kiasi cha ziada. Tuseme vitamini fulani hupoteza asilimia 30 wakati wa kuoka, na asilimia 20 ya kilichobaki hupotea ghalani kabla ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Kinachosalia ni asilimia 56. Anayetaka kutimiza ahadi ya pakiti mpaka siku ya mwisho atalazimika kutia karibu mara 1.8 ya kiasi kilichoandikwa. Hivyo basi biskuti iliyotoka kiwandani leo ina vitamini nyingi kuliko inavyodai, na iliyokaribia kuisha muda ina kadiri ileile inayodai. Kwa vitamini B ziada hiyo haina neno. Kwa vitamini A ya retinoli, yaani ile iliyo tayari kutumiwa na mwili, ina neno, kwa sababu hujilimbikiza kwenye ini. Kiwango cha juu kinachokubalika Marekani kwa siku ni mikrogramu 3,000 kwa mtu mzima, lakini 600 tu kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Faida kubwa ya kapsuli nzuri, na isiyotangazwa, ni kupunguza ziada hiyo: kikipotea kidogo, hutiwa kidogo.

Damu ndiyo inayotoa hukumu

Mpaka hapa tumekuwa kiwandani. Kapsuli inaweza kufaulu mitihani yote ya kiwandani na ikaanguka tumboni. Ganda nene linalozuia ladha na harufu linaweza pia kuzuia chuma kutoka. Chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Kama ganda halijafunguka kufikia hapo, kinapita. Kwa sababu hiyo utafiti wenye maana kwenye uwanja huu ni ule unaowalisha watu na kupima damu yao.

Mfano ulio karibu kabisa na mada yetu ulitoka Kuwait, ukachapishwa mwaka 2009. Wanawake walikula biskuti za ngano kwa wiki 22. Kundi moja lilipata kapsuli za mafuta magumu ya mawese zenye salfeti ya chuma na iodati ya potasiamu ndani yake, kundi jingine likapata aina mpya ya unga wa chuma halisi, na la tatu likala biskuti tupu. Hifadhi ya chuma mwilini ilipanda waziwazi kwa waliokula kapsuli, na madini joto yao yakaongezeka. Unga wa chuma haukuleta ongezeko la kuridhisha. Kapsuli za mafuta, ambazo kwa hoja yangu ya oveni zilitarajiwa kuleta shida, zilifanya kazi.

Miaka minne kabla ya hapo, jaribio lililofanywa Thailand lilikuwa limeonyesha jinsi aina ya chuma inavyobadili matokeo hata pasipo kapsuli. Wanawake walipewa vitafunwa vya ngano vyenye miligramu 12 za chuma, siku sita kwa wiki kwa wiki 35. Salfeti ikichukuliwa kuwa kipimo cha asilimia 100, unga wa chuma halisi uliotengenezwa kwa umeme ulifikia 77, na uliotengenezwa kwa haidrojeni 49. Kwenye pakiti vyote vitatu huandikwa "chuma, miligramu 12". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2006 unaweka salfeti na fumarati (chumvi nyingine ya chuma) mbele, vikiwa vimefungwa au havijafungwa, na unashauri kwamba chuma cha umeme kikitumika kiwe mara mbili ya kiasi. Viwanda hupenda unga wa chuma kwa sababu ni nafuu na haubadili rangi. Haubadili rangi kwa kuwa hauyeyuki upesi, na kisichoyeyuka upesi hakifyonzwi vizuri. Kapsuli ni jaribio la kutoka kwenye kifungo hicho: chukua chuma kinachoyeyuka, kizuie kuyeyuka mpaka kimemezwa.

Utafiti wa Côte d'Ivoire uliochapishwa mwaka 2010 unastahili kusomwa na kila anayetaka kuanzisha biskuti za shule. Watoto wa miaka 6 hadi 14 walipewa biskuti zenye miligramu 20 za chuma cha umeme, mara nne kwa wiki kwa miezi sita. Hali yao ya chuma haikuboreka. Kilichobadilika ni bakteria wa utumbo: wale wa jamii inayojumuisha wasababishi wa maradhi ya tumbo waliongezeka, wale wa kundi la laktobasili wakapungua, na vipimo vya kinyesi vikaonyesha dalili za uvimbe wa utumbo. Chuma ambacho mwili haukukichukua kililiwa na bakteria. Matokeo haya yanageuza mjadala mzima. Kuongeza kipimo ili kufidia chuma kisichofyonzwa si suluhisho la bure, hasa kwa watoto wanaoishi penye maji machafu. Na penye malaria tahadhari huzidi: utafiti wa Pemba uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kulazwa au kufa. Vile vilikuwa vidonge, si chakula, na chuma cha kidonge huingia kwa mkupuo. Hata hivyo umefundisha kila mtu kutoendea chuma kwa pupa.

Afrika Kusini ilitoa funzo la aina nyingine. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999, watoto wa shule ya msingi walikula biskuti zenye chuma, madini joto na beta-karotini, rangi ya mimea ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Idadi ya waliokuwa na kiwango cha chini cha vitamini A katika damu ilishuka kutoka asilimia 39 hivi hadi 12. Shule zikafungwa kwa likizo ndefu ya kiangazi, na watoto waliporudi kiwango cha vitamini A kilikuwa kimeshuka tena mpaka kilikoanzia. Biskuti ilifanya kazi muda wote ilipoliwa, basi.

Mwaka 2019 timu ya chuo cha Marekani cha Massachusetts Institute of Technology, wakiwemo Robert Langer na Ana Jaklenec, ilieleza kwenye jarida la Science Translational Medicine ganda la aina tofauti: polima ambayo haiyeyuki kwenye maji ya kawaida, inavumilia saa mbili kwenye maji yanayochemka, lakini inaachia mara moja ikikutana na asidi ya tumbo. Hii ndiyo tabia hasa ambayo biskuti inaihitaji. Kinachonivutia zaidi ni ukweli wao kuhusu jaribio la kwanza kwa binadamu: chuma kilichofyonzwa kilikuwa kidogo kuliko kile kisichofungwa. Walirudi maabara, wakaongeza sehemu ya chuma ndani ya kila chembe na kupunguza ganda, na jaribio lililofuata likafika karibu asilimia 89 ya salfeti ya kawaida. Ganda lilelile, uwiano tofauti, matokeo tofauti kabisa.

Je, biskuti ndiyo kibebeo chenyewe?

Kuna pingamizi ambalo watu wa viwanda hulipita haraka. Biskuti ni sukari, mafuta na unga uliokobolewa. Ukiandika "ina vitamini nane" kwenye pakiti, mzazi anaweza kununua mbili badala ya moja, na nafasi ya tunda au maharage ikachukuliwa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliweka sera mwaka 1980 inayosema haifai kuongeza virutubishi kwenye vitafunwa kama peremende na vinywaji vya soda. Biskuti haikutajwa kwa jina, ila hoja yenyewe inaigusa.

Mimi naona tofauti iko kwa anayekula. Biskuti inayogawiwa shuleni au kambini kwa kipimo, kwa watu waliopimwa na kuonekana wana upungufu, ni chombo cha afya chenye umbo la kitafunwa. Biskuti hiyohiyo ikiwa kwenye rafu ya duka, mbele ya mtoto asiyekosa chuma, ni kitafunwa chenye nembo ya afya. Kapsuli haibadili chochote katika hilo.

Kwa anayeshika pakiti mkononi, mambo machache yanasomeka. Tafuta aina ya chuma, sio kiasi peke yake: salfeti au fumarati ina thamani kuliko neno "chuma" lililoachwa hivihivi. Vitamini A ikiwa ya beta-karotini, hatari ya kuzidisha ni ndogo. Angalia sukari iko nafasi ya ngapi kwenye orodha ya viambato, kwani viambato hupangwa kwa uzito. Na kama biskuti imenunuliwa kwa ajili ya chuma, isiliwe na chai au kahawa. Tanini na polifenoli nyingine za vinywaji hivyo zinaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma cha mimea na cha kuongezwa kwa zaidi ya nusu, na kapsuli haiwezi kuingilia, kwa sababu ikishafunguka tumboni inakikabidhi chuma kwenye chai ileile. Maji yanatosha, au juisi ya chungwa ambayo vitamini C yake husaidia chuma kuingia. Chai isubiri angalau saa moja.